Shabaha na Moshi: Mauser ya 1871 katika Vita vya Gisenyi, 1914–1916

Mwaka 1914 askari wengi wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walibeba Mauser ya 1871, bunduki ya komeo itumiayo baruti nyeusi. Wanaohesabu bunduki bila kuangalia baruti yake hupotoka. Risasi ya milimita 11, nzito na isiyo na kasi, ilishuka upesi; aliyekosea kukadiria umbali alikosa shabaha. Ulinzi wa mahali pamoja, kama ule wa Kapteni Max Wintgens mjini Gisenyi hadi Mei 1916, ulipunguza kosa hilo, kwa kuwa umbali uliotazamwa kila siku huzoeleka. Moshi, uliomziba macho mlengaji na kumfichua kwa Wabelgiji, haukuwa na dawa ila baruti nyingine. Bunduki za aina hiyo zilitekwa Tanga Novemba 1914, nyingine zikaletwa na meli Rubens Aprili 1915.