Jina la bia chini ya Bahari ya Hindi

Vasco da Gama alipoondoka Malindi mwaka 1498 kwenda Calicut, alipita juu ya safu ya milima bila kujua. Hata rubani aliyemwongoza hakujua. Kazi yao ilikuwa upepo na nyota. Kilichokuwa kilomita mbili na zaidi chini ya jahazi hakikumhusu mtu.

Leo safu hiyo inaitwa Mgongo wa Carlsberg na, naam, ni Carlsberg ile ile ya bia. Meli ya Denmark, Dana, iliyozunguka dunia kati ya 1928 na 1930, iligharimiwa na mfuko ulioanzishwa na mwenye kiwanda. Kiongozi wa safari, Johannes Schmidt, alikuwa bingwa wa mikunga, samaki wale warefu kama nyoka. Milima aliikuta njiani tu, akampa mfadhili heshima yake.

Mwaka 1933 ikaja Mabahiss, meli ya Misri iliyobeba wanasayansi wa Misri na Uingereza, ikapita hadi Zanzibar. Kwa kutuma sauti chini na kusubiri mwangwi urudi, waligundua kwamba mgongo huo umepasuliwa na bonde. Wakati wa kuandika taarifa, wakalifananisha na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Hawakukosea: mpasuko wa baharini unaendelea hadi Ghuba ya Aden, na huko Afar unakutana na ufa wetu wa nchi kavu.

Lakini bonde linafanya nini? Jibu lilitoka hapo hapo. Mwaka 1962 Drummond Matthews wa Cambridge alipima usumaku juu ya mgongo akiwa kwenye meli HMS Owen. Mwanafunzi wake, Fred Vine, alizichambua namba hizo akaona kwamba baadhi ya miamba ya chini ina usumaku uliogeuka, kana kwamba kaskazini iliwahi kuwa kusini. Na iliwahi kweli, mara nyingi. Lava inapopoa hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo. Basi kama sakafu ya bahari huzaliwa katikati ya mgongo na kusogezwa pande zote mbili, itabeba mistari ya zamani na ya sasa, kama mkeka wa ukindu uliosukwa kwa rangi mbili. Makala yao ilitoka Septemba 1963. Mkanada Lawrence Morley alikuwa na wazo hilo hilo, ila majarida yalikuwa yamemkatalia. Bahati haina adili.

Kuzaliwa kwenyewe hakuna kishindo. Pande mbili zikiachana, mwamba wa moto wa chini hupanda, mgandamizo hupungua, na sehemu yake huyeyuka. Ukifika kwenye maji baridi, ujiuji huo huvikwa ngozi ya kioo papo hapo, kisha huvimba na kuwa mito: ya kulalia, si ya maji. Hapa pande huachana sentimita mbili hadi tatu kwa mwaka. Tangu da Gama apite, ni kama mita 10 hadi 15.

Julai 2003 watafiti wa Uingereza walikuta juu ya mgongo huu wingu la maji yaliyopashwa moto na dunia, lenye urefu wa kilomita 70 hivi. Mlipuko wa lava unaodhaniwa kulizua hakuna aliyeuona.