Mrithi wa Pagazi: Baiskeli katika Njia ya Tabora na Usinge

Msafiri atokaye Tabora kuelekea magharibi, akapita Urambo na Kaliua hata akafika Usinge, haoni milima ya kumtisha wala magenge ya kumzuia. Aonayo ni ardhi iinukayo na kuinama kwa upole, tuta refu la mchanga lililofunikwa na miyombo na mininga, kisha mbuga pana ya udongo mweusi isiyo na mti, kisha tuta jingine, na vivyo hivyo mpaka akaribiapo mabonde ya Igombe, Ugalla na Malagarasi, ambako maji huitawala nchi kwa miezi mingi ya mwaka. Aliye ndani ya gari moshi hupita pote hapo usingizini, wala hajui kwamba nchi imepanda au imeshuka. Aliye juu ya baiskeli, na gunia nyuma yake, anaujua kila mwinuko kwa mapaja yake, kama pagazi aliyemtangulia alivyoujua kwa shingo yake. Wawili hawa, kwa rai yangu, ni ukoo mmoja, na atakaye kuandika tarikhi ya baiskeli katika Unyamwezi hana budi kuanza na mizigo kabla ya magurudumu.

Njia yenyewe ni kongwe kuliko misafara ya Waarabu. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, zilikuwa zikichemshwa kwa karne nyingi kabla ya bunduki ya kwanza kusikika bara, na chumvi ile ilisafiri vichwani na mabegani kwenda pande zote, kijiji hata kijiji, kwa vijia ambavyo hakuna sultani aliyeamrisha vipasuliwe. Kisha Wanyamwezi wenyewe, mwanzoni mwa karne ya 19, wakaunganisha vijia hivi na pwani, wakashuka na pembe na shaba hadi baharini. Na kwa kijana wa zama zile, kwenda pwani na kurudi salama ilikuwa ni sehemu ya kuhesabiwa mwanamume. Waarabu wa Manga na Waswahili wa mrima walipopanda bara na kujenga makao katika Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh na sasa ni Tabora, hawakuvumbua njia. Waliikuta, wakaikodi pamoja na wenyeji walioijua. Richard Burton na John Speke, walioingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, walikaribishwa huko na tajiri Snay bin Amir, wakaongozwa kwa vijia vile vile hata wakaliona ziwa Tanganyika mnamo Februari 1858. Wazungu hawa wamesifiwa sana kwa kugundua. Kirangozi wa msafara aliyetangulia mbele yao hakugundua kitu, kwa kuwa alikuwa njiani mwake.

Ajabu ya biashara hii kubwa ni kwamba yote ilikwenda kwa miguu ya binadamu. Sababu yake ni mdudu. Misitu ya miyombo baina ya Tabora na Malagarasi ni maskani ya mbung'o, ambaye hakumruhusu ng'ombe, punda wala farasi kuishi kwa muda wa kutosha kuleta faida, na ndiyo maana pembe za ndovu, vitambaa vya merikani, ushanga na masango ya waya vilibebwa na watu. Mzigo wa kawaida wa pagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na kitanda chake, sufuria yake na posho yake. Kwa mzigo huo shingoni mtu hachagui njia kwa uzuri wa mandhari. Wakati wa kiangazi misafara ilikata mbuga moja kwa moja, maana udongo mweusi ukikauka huwa mgumu na njia huwa fupi. Masika yakianza ilizunguka kwa matuta, hata kama mzunguko ulimaanisha siku ya ziada, kwa kuwa mbuga iliyolowa humeza mguu hadi gotini. Na palipokuwa hapana maji, waliondoka adhuhuri, mwendo ulioitwa telekeza, wakalala porini pakavu, wakawahi kisima asubuhi ya pili. Huko mbele, mto Malagarasi wenyewe ulikuwa na mlango wake: watemi wa Uvinza ndio waliomiliki vivuko na mitumbwi, na hapana tajiri aliyevuka bila kutoa hongo baada ya majadiliano marefu ya kuchosha.

Njia ya namna hii, yenye visima vichache na kivuko kinachojulikana, ni rahisi kufungwa. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi aliyeijenga dola yake Urambo, aliifunga. Ugomvi wake na Waarabu wa Tabora ulikuwa juu ya ushuru na juu ya nani ndiye bwana wa barabara, na mwezi wa Agosti mwaka ule aliwashinda vitani, akauingia mji wenyewe na kuuchoma sehemu yake. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Tabora wakati huo akimtafuta Livingstone, alijiunga na upande wa Waarabu, akaona kushindwa kwao, na mnamo Septemba hakuwa na budi ila kuzunguka kusini kwa Ukonongo, safari ndefu na ya taabu, kabla ya kurudi kaskazini kuvuka Malagarasi na kuingia Ujiji mwezi wa Novemba. Vitabu vingi vimesimulia makutano yake na Livingstone huko Ujiji. Vichache vimeuliza kwa nini mgeni yule hakupita njia ya moja kwa moja ya Urambo. Jibu ni kwamba mtu mmoja mwenyeji alikuwa na nguvu ya kuikataza. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake haikudumu baada yake.

Wajerumani walifanya lile ambalo Mirambo hakuweza: waliimaliza misafara bila ya kuifunga njia. Reli yao ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa ukaribu mkubwa ule mkondo wa mapagazi, na Usinge ikawa miongoni mwa stesheni zake. Safari iliyokuwa ya majuma ikawa ya saa. Ingedhaniwa kwamba hapo ndipo kazi ya kubeba ilipokwisha, walakini reli ni mstari mwembamba sana juu ya nchi pana. Mlina asali aliye ndani ya msitu siku mbili kusini ya stesheni, mvuvi wa ziwa Sagara, mkulima wa karanga na baadaye wa tumbaku, wote walikuwa na shehena isiyokuwa na njia ya kuufikia mstari huo ila mgongo wa mtu. Reli iliua msafara mrefu, ikazaa maelfu ya misafara mifupi. Hawa ndio waliokuwa wakiingoja baiskeli, ingawa hawakujua jina lake.

Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa ilitengenezwa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885, na John Boyd Dunlop akaitia tairi la upepo mwaka 1888. Kwa tairi hilo dunia nzima iliingiwa na kiu ya mpira, na kiu ile ililetea ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika Kongo ya mfalme Leopold, maafa ambayo watu wa huko hawajayasahau. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kadhalika, utomvu wa mpira wa mwituni ulikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje kwa vichwa vya mapagazi. Yamkini basi kwamba pagazi aliibeba malighafi ya kile kitu ambacho siku moja kingemvua mzigo, na hakulipwa zaidi kwa sababu hiyo.

Ilipofika zama za Waingereza, vijana wa Unyamwezi walikwenda kwa wingi kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kama babu zao walivyokwenda pwani na pembe. Aliyerudi na fedha alinunua baiskeli, aghalabu Raleigh nyeusi ya Kiingereza, dukani kwa Mhindi, na heshima aliyoipata kijijini haikuwa mbali na ile ya mtu wa zamani aliyeiona bahari. Lakini mtu wa Unyamwezi hakuiacha ikae kama ilivyotoka kiwandani. Keria ya asili, iliyokusudiwa kubeba koti la karani wa mjini, iling'olewa, na mahali pake fundi akaunga nyingine ya nondo, pana na ndefu. Madigadi yakatolewa, kwa sababu udongo mweusi wa mbuga hujaa chini yake hata gurudumu lisizunguke. Spoki zikaongezwa unene. Vipande vya tyubu kuukuu vikawa kamba za kufungia, kwa kuwa hakuna kamba ishikayo mzigo kama mpira. Fundi mwenyewe aliketi chini ya mwembe, na maembe ya Tabora, kama ijulikanavyo, ni athari nyingine ya misafara ile.

Hesabu yake inastahili kutazamwa. Debe la lita 18 likijazwa asali hukaribia kilo 25. Mwenye baiskeli iliyoimarishwa hufunga madebe manne, mawili kila upande, akatoka msituni na kilo 100, mzigo wa mapagazi watatu. Mtu hapandi wakati wote akiwa na mzigo kama huo. Penye tambarare hukanyaga polepole. Penye mwinuko hushuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akasukuma fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti, mwili wote umeinama mbele. Na penye mteremko kuelekea bondeni ndipo hatari ilipo, maana breki za fito hazikutengenezwa kwa ajili ya uzito huo, naye hulazimika kukokota nyayo ardhini. Kwa hiyo, mwendesha baiskeli huzichagua njia zile zile za pagazi: mbuga wakati wa kiangazi, tuta wakati wa masika, kisima kabla ya jua kuwa kali. Matenga ya samaki wakavu wa Sagara, magunia ya mkaa, mabunda ya tumbaku, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, yote yamepita hivyo.

Mbung'o hakuweza kuiua baiskeli ya chuma, ila alipanda juu yake. Serikali ya Kiingereza, baada ya malale kuenea katika magharibi ya Tanganyika, iliwahamisha watu kutoka misituni na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa, na baiskeli ikatazamwa kwa shaka, kwa kuwa inzi yule hufuata kila kitu kinachotembea. Penye vizuizi vya njiani mwendeshaji alisimamishwa, akazungukwa na mtu mwenye wavu, akakaguliwa mgongo na mzigo kabla ya kuruhusiwa kupita. Miaka ya 1970 watu walihamishwa tena, mara hii kwa Operesheni Vijiji, na wengi wakajikuta mbali na mashamba yao na mizinga yao ya magome. Umbali ambao zamani haukuwako ukawa wa kila siku, na ni nini kingeuziba isipokuwa baiskeli? Hapo ndipo ilipokuwa adimu zaidi. Katika shida za mwanzo wa miaka ya 1980, tairi moja ilitafutwa kwa juhudi ambayo vijana wa leo hawawezi kuisadiki.

Leo lami imefika katika sehemu kubwa ya njia hii, Daraja la Kikwete limevuka Malagarasi, mto ambao watemi wa Uvinza walitoza hongo katika vivuko vyake, na pikipiki za Kichina zimechukua abiria na haraka. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa kutaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Baina ya Kwihara na Ujiji hapana kituo hata kimoja, si Urambo ya Mirambo, si Usinge, si vivuko vya Malagarasi, kana kwamba mapagazi walipaa juu ya theluthi nzima ya magharibi. Naona ni kasoro, na sababu yake ni dhahiri: huku hakuna tembe la mgeni mashuhuri la kuonyeshwa watalii. Kilichopo ni vijia. Vingi havina jina katika ramani, vinaacha lami karibu na Usinge na kuteremka kwenda Sagara au kuingia msitu wa Ugalla, vyembamba kiasi cha gurudumu moja, na wavitumiao kila kiangazi ni walina asali na wachuuzi wa samaki wenye baiskeli za keria ya nondo.