Karata 21: dawa au hesabu?

Leo tuongee karata. Kule kwetu Tandahimba, ukimtajia mtu karata aliyoichagua kimoyomoyo, hakosekani wa kusema una dawa.

Dawa yenyewe ni kugawanya kwa tatu. Chukua karata 21, gawa kwa zamu safu tatu, saba saba. Mwenzako achague moja kimya, akuonyeshe safu tu. Kusanya, safu hiyo ikae katikati, ugawe tena. Fanya hivyo mara tatu. Ukishakusanya, hesabu: karata yake ni ya 11! Safu ya kwanza inakubakizia saba, ya pili mbili au tatu, ya tatu moja. Basi.

Wala si siri mpya. Mfaransa Gergonne alichambua mchezo wa jamii hii, wa karata 27, kwenye jarida lake la hisabati 1813–1814. Majina nayo tuliachiwa na Wareno, waliofika pwani yetu 1498: karata, kopa, uru, pao, shupaza, turufu.

Kwa hiyo mkirudi likizo, msiishie kushangaza watu. Wafundisheni na hesabu yake. Nchi hii wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi tu.