Jinsi ya kutumia kadi ya michoro inayochemka bila kuhatarisha tarakilishi

Kadi ya michoro ni kifaa kilicho ndani ya tarakilishi ambacho hutayarisha picha zote zinazoonekana kwenye skrini. Wachoraji ramani za majengo, wahariri wa video, wenye studio za picha na vijana wapendao michezo ya tarakilishi hukitegemea kila siku. Mara nyingi kadi hiyo ndiyo sehemu ghali zaidi ya mashine nzima. Kwa hivyo inapoanza kupata joto kupita kiasi, mwenyewe hujipata katika njia panda: aendelee kuitumia au anunue nyingine?

Jibu hutegemea chanzo cha joto lenyewe. Kadi iliyozibwa na vumbi inaweza kusafishwa na kutumika kwa miaka mingine mingi. Kadi ambayo kebo yake ya umeme imeanza kuyeyuka haifai kuwashwa hata kwa dakika moja.

Joto hutoka wapi?

Karibu umeme wote unaoingia katika kadi ya michoro hugeuka kuwa joto. Kadi ndogo kama GeForce GTX 1050 Ti hutumia wati 75 hivi, kiasi ambacho bodi kuu ya tarakilishi huweza kutoa bila kebo ya ziada. GeForce RTX 3080, iliyotolewa mwaka wa 2020, ilikadiriwa kutumia wati 320, nayo RTX 4090 ya mwaka wa 2022 wati 450.

Joto hilo hutoka kwenye kichakata, likapitia pesti nyembamba ya kupitisha joto, likaingia katika mapezi ya chuma, kisha feni zikalipeperusha. Sehemu moja ikiharibika, joto hukwama. Vumbi huziba mapezi, pesti hukauka, feni huchakaa, na kasha la tarakilishi lililosukumwa hadi ukutani hukosa hewa.

Aidha, feni haiwezi kuipoza kadi ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Ndiposa kadi isiyo na tatizo lolote katika ofisi ya Limuru inaweza kuchemka ikipelekwa Lodwar au Mombasa.

Vipimo vya kufuatilia

Programu za GPU-Z na HWiNFO, ambazo hupatikana bila malipo, huonyesha joto la kadi, kasi ya feni na kiasi cha umeme unaotumika. Joto la kati ya nyuzi 65 na 80 za sentigredi wakati wa kazi nzito ni la kawaida. Likidumu juu ya nyuzi 85, ni vyema kutafuta sababu.

Kila kadi ina kikomo chake. Kampuni ya NVIDIA ilitaja nyuzi 93 kuwa upeo wa RTX 3080, na nyuzi 90 kwa RTX 4090. Kadi ya Radeon RX 7900 XTX ya kampuni ya AMD huruhusiwa kufika nyuzi 110 katika sehemu yenye joto kali zaidi ya kichakata. Kikomo kinapofikiwa, kadi hujipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda hujizima. Mchezo unaoanza vizuri na kukwamakwama baada ya dakika kumi ni dalili ya jambo hilo.

Hata hivyo, kinga hiyo hulinda kichakata, wala si kila kitu. Kiungio cha kebo ya umeme kwa kawaida hakina kipimajoto. Kinaweza kuungua huku skrini ikionyesha kuwa joto la kadi ni la kawaida. Ndivyo ilivyotokea mnamo Oktoba 2022, wakati baadhi ya wenye RTX 4090 waliporipoti kwamba viungio vya kebo zao vimeyeyuka. Mwezi uliofuata, NVIDIA ilisema uchunguzi wake ulionyesha kuwa sababu kuu ilikuwa viungio ambavyo havikuwa vimeingizwa hadi mwisho.

Si kosa la mtumiaji daima

Kabla ya kufungua kifaa, ni muhimu kuchunguza kama hitilafu ilitoka kiwandani. Mnamo Julai 2008, NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 za Marekani kugharamia hitilafu za vichakata vyake katika baadhi ya tarakilishi za mkononi. Malighafi iliyotumiwa kuviunda ilikuwa dhaifu.

Mnamo Machi 2010, kampuni hiyo iliondoa toleo la 196.75 la programu ya kuendesha kadi zake baada ya malalamiko kuwa lilivuruga mwendo wa feni. Nazo kadi kadhaa za RTX 3090 ziliharibika mwaka wa 2021 wakati wa majaribio ya mchezo wa New World. Kampuni ya EVGA, ambayo kadi zake zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika, ilieleza baadaye kuwa idadi ndogo ya kadi hizo ilikuwa na kasoro ya ulehemu.

Mnamo Januari 2023, AMD ilikiri kwamba baadhi ya kadi zake za RX 7900 XTX zilikuwa na maji machache mno ndani ya chemba ya kupozea. Hakuna brashi wala pesti ambayo ingeponya kasoro hiyo. Dawa ilikuwa kubadilishiwa kadi. Mwenye kifaa ambacho muda wake wa dhamana haujaisha anapaswa kukirudisha dukani kabla ya fundi kugusa hata skrubu moja.

Hatua za kuchukua

Ikiwa dhamana imekwisha, hatua zifuatazo zichukuliwe moja baada ya nyingine, na joto lipimwe kwa nusu saa ya kazi nzito baada ya kila hatua.

Kwanza, nakili faili muhimu kwenye diski nyingine. Zima tarakilishi, chomoa waya ukutani na usubiri ipoe. Gusa chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu. Zuia feni kwa kidole zisizunguke unaposafisha.

Pili, hakikisha kasha lina nafasi ya hewa nyuma na pembeni. Tarakilishi ya mkononi isiwekwe juu ya godoro au blanketi.

Tatu, punguza kiwango cha fremu. Skrini nyingi huonyesha fremu 60 kwa sekunde, hivyo kuiacha kadi itengeneze 200 ni kuitwika mzigo usio na faida.

Nne, tumia programu kama MSI Afterburner kupunguza kikomo cha umeme hadi asilimia 80, na kuongeza kasi ya feni. Kasi inayopotea kwa kawaida ni ndogo ikilinganishwa na joto linaloepukwa.

Tano, kagua kebo ya umeme. Iingize hadi mwisho, isipindwe karibu na kiungio, na usitumie kebo ya kisambaza umeme cha aina nyingine hata kama inaingia. Mpangilio wa nyaya zake unaweza kuwa tofauti na ukaunguza kadi mara moja.

Sita, ikiwa joto halijashuka, mwachie fundi mwenye ujuzi abadilishe pesti. Dalili mojawapo kuwa pesti imekauka ni pengo la nyuzi 30 au zaidi kati ya joto la kawaida la kichakata na la sehemu yake yenye joto kali zaidi.

Wapo wanaooka kadi iliyokufa katika jiko la umeme wakitumaini kuifufua. Hata ikiwaka, kwa kawaida haidumu, na mvuke wa kemikali na plastiki hubaki katika jiko linalopikiwa chakula.

Wanunuzi wa kadi zilizotumika wawe waangalifu zaidi. Mfumo wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kutegemea kadi za michoro mnamo Septemba 2022, na nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana ziliuzwa. Mnunuzi aombe kadi ijaribiwe kwa nusu saa mbele yake kabla ya kulipa.

Wakati wa kuzima

Zima tarakilishi na uchomoe waya mara moja ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukiona kiungio kilichobadilika rangi, cheche au moshi, au feni isiyozunguka huku kadi ikiwa moto. Usimwagie maji kifaa ambacho bado kimeunganishwa na umeme. Madoa na mistari inayoonekana kwenye skrini hata wakati kadi ni baridi huashiria kuwa huenda madhara yamekwisha kutokea.

Kadi yenye historia ya kuchemka isiachwe ikifanya kazi usiku kucha bila mtu wa kuiangalia, hata baada ya kutengenezwa. Kazi ndefu zigawanywe na zifanywe mchana, mwenyewe akiwa karibu na swichi.