UZI: "Milele" ya Kakamega ilidumu miaka miwili

1/ Kila msimu wa kampeni lazima usikie mtu jukwaani akisema, "Tutarekebisha sheria ya madini, mwananchi afaidike." Watu wanapiga makofi. Mimi huwa nauliza: mnarekebisha kifungu gani, na kwa faida ya nani? Twende historia kidogo.

2/ Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya ardhi za wenyeji. Ahadi ilikuwa hivi: maeneo yaliyotengewa Waafrika ni yao milele. Kipande kikichukuliwa kwa kazi ya umma, baraza la wenyeji liulizwe kwanza, na wenyewe wapewe ardhi nyingine ya kiasi hicho.

3/ Mwaka wa 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Walowezi wakamiminika. Ile ahadi sasa ikawa kikwazo. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa: ardhi ichukuliwe kwa madini bila kurudisha ardhi nyingine, fidia iwe pesa, na baraza si lazima liulizwe. Hapo hakuna aliyevunja sheria. Waliirekebisha tu.

4/ 1940 ikaja Sheria ya Madini, Sura 306. Chini yake, madini yaliyo ardhini yalikuwa ya serikali. 1963 tukapata uhuru, bendera ikabadilika, sheria ikabaki. Tuliitumia hadi 2016. Miaka 76! Na mchimbaji mdogo mwenye sururu na karai hakuwa na nafasi yake humo.

5/ Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema madini ni ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa inayashikilia kwa niaba ya wananchi. Sheria ya 2016 ikagawa mrabaha: katika kila shilingi 100, serikali ya kitaifa 70, kaunti 20, jamii ya pale yanapochimbwa 10. Mchimbaji mdogo naye akapata kibali chake.

6/ Kwa karatasi, iko sawa. Lakini tazama Kwale. Mgodi wa titani ulichimba tangu 2013 hadi mwisho wa 2024. Baada ya sheria mpya kupita, miaka ikaenda kaunti na wenyeji wakidai ile 20 na ile 10. Mchanga uliondoka na meli, mgao ukabaki wa kungojewa kesho.

7/ Shida iko wapi? Mrabaha unaingia kwanza serikali ya kitaifa, kisha ndio ugawanywe. Halafu "jamii" ni nani? Waliohamishwa? Waliobaki kando ya mgodi wakila vumbi? Wadi nzima? Na pale ardhi ya jamii haijasajiliwa, inashikiliwa na kaunti kwa niaba yao. Asiye na hati anaongelewa na wengine.

8/ Kuna wanaosema 10 ni kidogo, ipandishwe. Sawa, tujadili. Lakini 20 ya kitu ambacho hakijafika ni sawa na 10 ya kitu ambacho hakijafika.

9/ Kwa hivyo ukisikia "marekebisho", uliza matatu: pesa itafika lini na kupitia akaunti gani? Jamii imeelezwa vipi kwenye sheria? Wenye ardhi wataulizwa kabla, au wataambiwa baadaye? Kakamega 1932 pia yalikuwa marekebisho.

Wewe wa Kwale, Migori, Kakamega, Kitui au Taita: kwenu ikoje? Niambie hapa chini.