Sikilidi wa Tanganyika: Kutoka Chupani Hadi Tangini

Sikilidi wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa sato na perege, walifika London wakiwa wamekufa, ndani ya chupa. Aliyewaleta ni Mwingereza J.E.S. Moore. Mwaka 1898 George Boulenger akawapa majina ya kisayansi, mmoja akamwita Tropheus moorii. Meno na mapezi aliyaona, tabia hakuiona. Samaki wa chupani hagombani na mtu.

Tabia zilianza kujulikana vizuri miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akisafirisha samaki hai kutoka Burundi. Ndipo wafugaji wakagundua kwamba kutoka ziwa moja si kuelewana. Tropheus, mla mwani wa miambani, ni mkorofi. Anataka tangi kubwa na wenzake wengi. Neolamprologus multifasciatus hafiki hata sentimita 5, na nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Tangi la lita 60 lenye mchanga na makombe ya kutosha linaitosha familia nzima.

Kwa hiyo mwenye tangi dogo achague hao wa makombe, tena peke yao. Akiwachanganya na Tropheus kwa kupenda rangi tu, yatamkuta ya Boulenger: atawachunguza samaki wake wakiwa wamekufa.