Ishirini na Moja: Historia ya Thamani za Karata na Istilahi Zake

Mfasiri atakayeutafutia jina la Kiswahili mchezo uitwao blackjack kwa kutazama Kiingereza peke yake atapotea mapema. Jina lake la kale ni idadi tu. Wahispania waliuita veintiuna na Wafaransa wa karne ya 18 wakauita vingt-et-un. Yote mawili maana yake ni ishirini na moja. Jina la Kiingereza lilizuka baadaye huko Marekani. Simulizi irudiwayo sana husema kwamba nyumba fulani za kamari ziliahidi malipo ya ziada kwa aliyepata ree ya shupaza pamoja na ghulamu mweusi. Iwe kweli au si kweli, malipo hayo hayamo katika kanuni za leo, na kutafsiri jina hilo neno kwa neno ni kumfasiria msomaji kitu kisichokuwapo mezani.

Ushahidi mashuhuri wa kale umo katika hadithi ya Cervantes, Rinconete y Cortadillo, iliyochapishwa mwaka 1613. Humo kijana mlaghai anajisifu kwamba karata zake zimetengenezwa hivi kwamba kila azikatapo hakosi kupata ree, nayo humfaa kwa 1 au kwa 11. Zaidi ya miaka mia nne imepita na thamani hiyo haijabadilika.

Kiswahili nacho hakikuanza mikono mitupu. Karata, turufu, kopa, pau na uru ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kireno, na wachezaji wa pwani waliyatumia vizazi vingi kabla ya kamati yoyote ya istilahi kuundwa. Karata yenye picha ya mtu huitwa mzungu. Basi kanuni ya thamani yaelezeka bila kukopa neno hata moja jipya: karata za 2 hadi 10 huhesabiwa kwa namba zake, kila mzungu ni 10, ree ni 1 au 11.

Ugumu uko kwenye jumla. Mwenye ree na 6 ana 7 au 17. Akiongeza 9, hesabu ya 26 imezidi, hivyo ree hurudi kuwa 1 na jumla ikawa 16. Waingereza huita jumla ya namna hii "laini", sifa ambayo kwa Kiswahili yafaa kitambaa kuliko hesabu. Napendekeza jumla nyumbufu, na kinyume chake jumla thabiti.

Kadhalika, kitenzi cha Kiingereza cha kutoongeza karata kisigeuzwe "kusimama", mchezaji asije akainuka kitini. Kuongeza na kukomea vyatosha. Mchezaji hupewa karata mbili; mgawaji naye huchukua mbili, moja ikiwa wazi katika namna iliyoenea ya Marekani. Mchezaji hutangulia kuamua, na akizidi 21 amepoteza papo hapo, hata kama mgawaji naye angezidi baadaye. Humo ndimo ilimo faida kuu ya mwenye kasino. Mgawaji hana hiari: akiwa na 16 au pungufu huongeza, akifika 17 hukomea, ila baadhi ya kasino humtaka aongeze penye 17 nyumbufu. Asiyeitofautisha 17 hiyo na 17 thabiti hajaifasiri kanuni.

Kwamba uamuzi wa mchezaji waweza kukokotolewa, lilionyeshwa mwaka 1956 na Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott katika jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani. Mwaka 1962 Edward Thorp alichapisha Beat the Dealer, akieleza jinsi kukumbuka karata zilizokwisha kutoka kunavyoweza kumpa mchezaji nafasi bora.

Kwetu Tanzania, kasino husimamiwa chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria. Mwenye kuweka fedha anastahili kuzisoma kanuni katika lugha anayoielewa, hasa zile za malipo. Ree na karata ya 10 zikija pamoja mwanzoni, desturi ya zamani ni kulipa 3 kwa 2: aliyeweka shilingi 10,000 hupata faida ya 15,000. Meza nyingine siku hizi hulipa 6 kwa 5, yaani 12,000 tu. Mfasiri asiandike "malipo maalumu" mahali hapo; aandike namba zenyewe.